Meli Yafika Kisangani

Toka Kinshasa mpaka Kisangani, kwa njia ya mto, ni zaidi ya kilometa 1,700. Meli hupanda mto siku nyingi, ikisukuma matishari yaliyojaa watu na mizigo.

Mto Kongo ni mpana sana, lakini si kila mahali una kina. Chini ya maji yamo mafungu ya mchanga, nayo huhama. Palipopitika mwaka jana, pengine leo hapapitiki. Kwa hiyo mpima maji husimama mbele kabisa, ameshika upondo wenye alama za rangi. Huuchomeka majini, hutazama alama, kisha humpasha nahodha habari. Kina kikipungua, nahodha hupunguza mwendo na kutafuta njia nyingine.

Siku ya mwisho mji huonekana. Meli husogea polepole ukingoni, kamba hutupwa gatini na kufungwa imara. Hapo ndipo mwisho wa safari, kwa kuwa mbele ya mji yako maporomoko saba ya Boyoma. Meli haiwezi kuyapita. Ndiyo sababu mwaka 1906 ilifunguliwa reli ya kilometa 125, toka Kisangani mpaka Ubundu, ili mizigo iyazunguke maporomoko.

Abiria hushuka wakimshukuru Mungu, tena humsifu nahodha. Ni wachache wamkumbukao mpima maji. Walakini, kama angalisinzia kidogo tu, wote wangalikwama mchangani. Kazi ndogo ifanywayo kwa uaminifu hulinda watu wengi.