MSHALE WA MAFUTA UNASEMA NINI?

Hata kama huna gari, ipo siku utakodi. Utabeba mpunga au kakao kutoka Ipinda, au utampeleka mgonjwa hospitali ya Matema usiku. Kabla ya kuondoka, tazama mbele ya dereva. Wewe sasa unajua kusoma. Basi soma na kipimo cha mafuta, ambacho madereva wanakiita geji.

Geji ina mshale na herufi mbili. F maana yake tangi limejaa. E maana yake tangi ni tupu. Herufi hizo ni za Kiingereza, ndiyo maana hazifanani na maneno yetu. Mstari wa katikati ni nusu. Kati ya nusu na E ni robo.

Mshale unajuaje? Ndani ya tangi kuna boya dogo, kama maboya ya nyavu za wavuvi wetu wa Ziwa Nyasa. Boya linaelea juu ya mafuta. Mafuta yakipungua, boya linashuka, na mkono wake unabadilisha nguvu ya umeme unaokwenda kwenye geji. Mshale nao unashuka.

Kwa hiyo geji inakisia tu. Gari likipanda mlima wa Tukuyu, mafuta hulalia upande mmoja wa tangi, na mshale unaweza kudanganya. Soma geji gari likiwa limesimama tambarare, na swichi imewashwa. Katika magari mengi, swichi ikizimwa mshale hulala kwenye E hata kama tangi limejaa.

Mafuta yakibaki kidogo, taa ndogo yenye picha ya pampu huwaka. Hapo dereva atakuambia, "Usijali mzee, tunafika." Usikubali upesi. Mwulize zimebaki lita ngapi, na lita moja inakwenda kilometa ngapi. Kisha piga hesabu. Barabara ya Kikusya–Ipinda–Matema ni kilometa 39 hivi. Kwenda na kurudi ni 78. Gari linalokwenda kilometa 10 kwa lita litataka karibu lita 8. Likijaa mizigo, au likipita kwenye matope ya masika, litakunywa zaidi.

Mshale ukifika robo, weka mafuta. Magari mengi ya petroli yana pampu ndani ya tangi, na petroli yenyewe ndiyo inayoipoza. Tangi likikauka, pampu hupata moto na kuharibika. Dizeli ina taabu yake. Mafuta yakikatika, hewa huingia kwenye mabomba. Hata ukiongeza dizeli, mara nyingi gari haliwaki mpaka hewa itolewe. Fikiria kazi hiyo saa nane za usiku, na mama mwenye uchungu yumo ndani ya gari!

Na bodaboda je? Nyingi geji zake zimekufa. Vijana hutikisa tangi au hufungua mfuniko na kuchungulia. Kuchungulia si vibaya, lakini zima injini na tumia tochi, si kiberiti. Mvuke wa petroli hushika moto upesi sana.

Ukifika sheli, shuka utazame pampu. Namba za lita na za fedha zianze kwenye 0 kabla mafuta hayajamiminwa. Bei ya lita imeandikwa hapo hapo. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nawe unaweza kulinganisha.