Nairobi: Ukumbi wa maigizo uliokarabatiwa, na ratiba iliyozua ugomvi

Mtazamaji anayekwenda kwenye Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza jijini Nairobi hupita, pengine bila kujua, mahali palipomwagika damu. Ukumbi huo, ambao wenyeji huuita kwa jina lake la Kiingereza, Kenya National Theatre, uko kando ya Chuo Kikuu cha Nairobi, mkabala na Hoteli ya Norfolk, katika barabara yenye jina la Harry Thuku. Machi 16, 1922, umati ulikusanyika karibu na hapo kudai Thuku aachiliwe, baada ya kukamatwa kwa kupinga kipande na kodi za mkoloni. Askari walifyatua risasi, na baadhi ya walowezi waliokuwa kwenye baraza ya hoteli nao wakafyatua. Serikali ya kikoloni ilitaja vifo 21. Simulizi za Waafrika zinataja vingi zaidi. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewakaripia wanaume kwa kusitasita kwao.

Miaka 30 baadaye, ng'ambo ya barabara, ulifunguliwa ukumbi wa maigizo.

Ulifunguliwa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya Waingereza kutangaza hali ya hatari nchini Kenya Oktoba 20 mwaka huo. Mmoja wa waliousukuma mpango huo alikuwa Richard Frost, mwakilishi wa British Council, aliyeamini kwamba watu wenye elimu wa rangi zote wangeweza kukutana hapo na kujenga urafuki kupitia sanaa. Wakati huohuo maelfu ya Wakenya walikuwa wakipelekwa kizuizini. Neno "taifa" lilikuwa kwenye jina la jengo, lakini taifa lenyewe halikuwa na funguo zake.

Ili kuelewa ugomvi uliofuata, yafaa kujua jinsi ukumbi wa aina hii unavyofanya kazi. Kundi la waigizaji halimiliki jukwaa; hulikodi kwa siku. Siku hizo ndizo uhai wake. Kundi lenye majuma matatu lina nafasi ya kusikika: watazamaji wa kwanza huwasimulia wenzao, na viti hujaa kadiri siku zinavyosonga. Kundi lililopewa siku nne huondoka kabla habari hazijafika Eastlands. Kwa hiyo swali la nani anaandika ratiba si la karani peke yake. Ni swali la nani atasikika.

Mwaka 1976 swali hilo lilizuka hadharani. Kenya ilikuwa ikijiandaa kwa tamasha la FESTAC lililofanyika Lagos, Nigeria, mwaka 1977, na tamthilia mbili zilichaguliwa kuiwakilisha: *Betrayal in the City* ya Francis Imbuga, na *The Trial of Dedan Kimathi* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata baadaye kwa jina la *Mzalendo Kimathi*. Waandaaji walipoomba siku za kutosha katika ukumbi wa taifa, waliambiwa kwamba zimekwisha kutolewa kwa maonyesho ya kigeni. Baada ya mabishano walipata siku chache tu kwa tamthilia zote mbili. Ngũgĩ ameandika kwamba onyesho la Kimathi lilipomalizika, watazamaji waliungana na waigizaji katika wimbo na ngoma ya mwisho, wakatoka nao nje hadi barabarani, mbele ya Norfolk ileile.

Mwaka uliofuata Ngũgĩ na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliuacha mji na kwenda Kamĩrĩĩthũ, Limuru, ambako wakulima na vibarua waliigiza *Ngaahika Ndeenda* kwa Kikuyu katika ukumbi wa wazi walioujenga wenyewe. Leseni ya mchezo huo ilifutwa Novemba 1977, na mwisho wa Desemba Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Alikaa humo karibu mwaka mzima.

Kundi la Kamĩrĩĩthũ lilijaribu kurudi jijini Februari 1982 na mchezo mwingine, *Maitũ Njugĩra*, ili uonyeshwe katika ukumbi wa taifa. Walikuta milango imefungwa. Wakahamia kwenye ukumbi wa chuo kikuu jirani na kufanya mazoezi mbele ya watu, na maelfu wakaja kuyatazama mazoezi hayo mpaka nayo yakazuiwa. Machi mwaka huo ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ ukabomolewa. Huko ndiko wenye ukumbi wao walikoukosa, ilhali jijini ukumbi ulibaki umesimama bila wenyewe.

Katika miongo iliyofuata jengo la Nairobi lilichakaa. Makundi mengi yenye uwezo yalihamia kwenye kumbi za taasisi za utamaduni za Ufaransa na Ujerumani, na ikawa kichekesho kisichochekesha kwamba Mkenya alikwenda kwa Mfaransa kutazama mchezo wa Mkenya mwenzake. Kwingineko katikati ya jiji mambo hayakuwa bora: kundi la Phoenix Players, lililodumu zaidi ya miaka 30, lilipoteza ukumbi wake mwaka 2017. Ukumbi wa katikati ya jiji hukaa juu ya ardhi ghali, na mapato ya tiketi hayawezi kushindana na mapato ya ofisi.

Hilo ndilo linaloufanya ukarabati wa ukumbi wa taifa uwe na uzito. Serikali ilishirikiana na kampuni kubwa ya bia nchini humo, na Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaufungua upya. Kituo cha Utamaduni cha Kenya, ambacho ndicho chenye dhamana ya jengo, kina pia Ukumbi Mdogo kwa maonyesho yasiyohitaji jukwaa kubwa.

Si jengo la kumtisha mgeni kwa ukubwa. Watazamaji wake huhesabiwa kwa mamia, si kwa maelfu, na hapo ndipo ilipo raha yake: mwigizaji akivuta pumzi, mtu wa nyuma humsikia. Anayezoea kutazama maigizo kwenye televisheni hushangazwa kwanza na watazamaji wenzake. Wakenya hawakai kimya. Hucheka kabla ya kichekesho kumalizika, humwonya mhusika asiye na habari, na mwanasiasa wa jukwaani akitoa ahadi hujibiwa kutoka kwenye viti.

Mei 2022 kilitokea kitu ambacho miaka 40 kabla yake kisingewezekana. *Ngaahika Ndeenda*, mchezo uliompeleka mwandishi wake kizuizini, ulionyeshwa katika ukumbi huohuo chini ya mwongozaji Stuart Nash, siku nyingine kwa Kiingereza na siku nyingine kwa Kikuyu. Safari hii haikuwa siku nne: ulikuwa kwenye ratiba kwa majuma kadhaa. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, aliwahi kuliona hilo likitimia. Micere Mugo alifariki Juni 2023.

Bado gharama ya kukodi ukumbi, taa na mafundi hulielemea kundi changa, na tiketi ya jioni moja ni fedha nyingi kwa kibarua, yule aliyekuwa akiigiza na kutazama kule Limuru. Kwa hiyo mlango uliofunguliwa na ukarabati si mpana kwa kila mtu.

Mtanzania aliyeko Nairobi ataona pia kwamba maonyesho ya jioni za mwisho wa wiki huwa zaidi kwa Kiingereza. Kiswahili hutawala mchana, siku za kazi, wakati makundi ya waigizaji yanapoonyesha tamthilia zinazotahiniwa katika shule za sekondari. *Kigogo* ya Pauline Kea na *Bembea ya Maisha* ya Timothy Arege zimewafikia wanafunzi wengi kwa njia hiyo, na maonyesho haya ya vitabu vya mtihani ndiyo yanayowalisha waigizaji wengi wa Kenya mwaka mzima. Wakosoaji huyadharau kidogo. Lakini ni vigumu kupata watazamaji wakali kuliko wao: wamekwisha kuusoma mchezo, wanajua kila neno, na mwigizaji akiruka mstari humkumbusha kwa sauti.