Rafiki Asiyeonekana Uso

Watoto wa Bukavu wana michezo mingi. Baada ya shule wengine hupiga mpira, wengine huruka kamba, wengine huenda kuogelea ziwani. Siku hizi uko na mchezo wa simu. Mtoto huomba simu ya mama au ya ndugu yake mkubwa. Mega zikiwamo, huanza kucheza na watu wa mbali.

Tazameni mchezo mmoja unaopendwa sana, Free Fire. Ulitoka mwaka 2017, nao ni wa kampuni ya Garena, ya Singapore. Wachezaji hata 50 hushuka katika kisiwa kimoja na kushindana. Walio kundi moja huandikiana, tena husikizana sauti. Mmoja yuko Kadutu, mwingine Goma, mwingine nchi ya kigeni. Hapo ndipo penye utamu wa mchezo, na hapo ndipo penye hatari yake.

Nyumbani mgeni hupiga hodi. Mnamtazama uso kwanza, kisha mnamkaribisha. Katika mchezo wa simu hakuna hodi, wala hakuna uso. Kuna jina tu, na kila mtu hujichagulia jina alipendalo. Anayeandika, "Mimi nina miaka 11 kama wewe," huenda ni mtu mzima mwenye ndevu. Hata sauti yaweza kugeuzwa kwa mashine.

Mtu mbaya huanzaje? Huanza kwa wema. Hukusifu: "Wewe ni hodari!" Hukupa zawadi ya mchezo. Kisha huuliza kidogo kidogo: Unakaa Ibanda au Bagira? Unasoma wapi? Baba yuko nyumbani? Halafu hutaka mzungumze ninyi wawili tu, nje ya mchezo. Mwisho huomba picha, naye husema: "Usimwambie mama." Neno hilo ndilo alama yake. Rafiki mwema haogopi wazazi wako.

Wengine hutafuta fedha. Katika Free Fire kuna almasi za kununua. Sisi Wakongo twazijua almasi za Mbuji-Mayi, zinazochimbwa ardhini. Almasi za mchezo hakuna aliyezichimba, lakini fedha ya kuzinunua ni fedha kweli. Basi mwizi huandika: "Nitakupa almasi nyingi. Tia namba ya siri ya mama, unitumie fedha kidogo kwa M-Pesa." Mtoto akikubali, fedha ya unga imekwisha, na almasi hazioni.

Basi shikeni mambo manne:

1. Cheza sebuleni, mahali wakubwa wanapokuona. Usijifiche na simu.
2. Usimpe mtu usiyemjua jina lako la kweli, picha yako, wala jina la mtaa au shule yako.
3. Namba ya siri ni ya mwenye simu. Usiitaje, wala usiitumie.
4. Mtu akikuomba picha, akikutisha, au akikutaka ufiche siri, acha kucheza. Usimjibu. Mpelekee mkubwa simu, naye atamfungia mtu huyo asikuandikie tena. Usifute maneno yake; ndiyo ushahidi.

Watoto wengi hunyamaza. Huogopa kupigwa, au kunyang'anywa simu. Mtu mbaya anajua hofu hiyo, nayo ndiyo silaha yake. Humwambia mtoto: "Ukisema, nitaonyesha watu wote picha yako." Mtoto akinyamaza, ataombwa picha nyingine, na nyingine tena. Akisema, wakubwa wataweza kumsaidia.

Hata kama umekwisha kutuma picha, sema. Mwambie mama, baba, shangazi au mwalimu. Kosa ni la mtu mzima aliyekudanganya. Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, yasema kwamba mtoto ni kila mtu asiyetimiza miaka 18. Nayo humwadhibu anayemdhulumu.

Leo jioni wasomeeni wazazi wenu fundisho hili.

Maswali
1. Kwa nini mgeni wa mchezo wa simu si kama mgeni apigaye hodi?
2. Mtu mbaya huanza kwa maneno gani? Humaliza kwa maneno gani?
3. Almasi za Mbuji-Mayi na almasi za mchezo zinatofautianaje?
4. Mwenzako ametishwa katika mchezo. Utamwambia afanye nini?