Mawimbi ya Ubongo na Mweweseko Baada ya Upasuaji

Chukua mfano wa bibi kizee wa Shinyanga aliyevunjika nyonga. Apasuliwa salama, lakini usiku wa pili hajui alipo. Awaita marehemu na kung'oa mpira wa dripu. Jamaa wanong'ona: karogwa. Usukumani, ambako vikongwe wamewahi kuuawa kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoletwa na moshi wa jikoni, neno hilo si la mzaha.

Huo ni mweweseko, yaani kuvurugika kwa ghafla kwa kazi ya ubongo. Huletwa na ugonjwa, dawa, maumivu au upungufu wa maji mwilini.

Ubongo hutoa umeme hafifu, ambao Hans Berger wa Ujerumani aliunasa kwa binadamu mwaka 1924. Mtu mzima aliyetulia na kufumba macho, mawimbi yake hupiga kama mara 10 kwa sekunde. Katika mweweseko hupungua kasi. Kipimo kamili hutaka elektrodi 20 hivi na mtaalamu wa kuisoma michoro. Gen Shinozaki na wenzake huko Iowa, Marekani, walibandika chache tu pajini, wakalinganisha nguvu ya mawimbi ya mara 3 na ya mara 10. Uwiano ukipanda, hatari imepanda.

Wodini Geita, pasipo na kifaa hicho, muuguzi aweza kumwuliza mgonjwa: hapa ni wapi, leo siku gani? Kisha ampe maji na miwani yake, na amwite mwanawe aketi kando ya kitanda.