Jua la Mara na Maji Yenye Viuatilifu

Mto Mara, unaoanzia nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita kati ya wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mvua inapoosha mashamba ya bonde hilo, mabaki ya viuatilifu huweza kufika katika vijito na visima ambavyo kaya huchota maji ya kunywa.

Kaya nyingi hutegemea kuchemsha. Kuchemsha huua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuondoi viuatilifu vingi. Maji yanapopungua kwa mvuke, kemikali iliyobaki huweza hata kukolea. Kuanika maji juani kwa saa 6 katika chupa angavu nako huua vimelea tu.

Jua hilohilo, hata hivyo, laweza kufanya zaidi likipewa msaidizi. Mwaka 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza jinsi titani dioksidi, ambayo katika hali ya unga mweupe hutiwa pia kwenye rangi za nyumba, inavyochochewa na mwanga kupasua maji. Ikipigwa na miale ya urujuanimno ndani ya maji, huzalisha chembe kali zinazovunjavunja molekuli za kiuatilifu hadi kubaki kabonidayoksaidi, maji na chumvi. Huko Almería, Hispania, watafiti wameitumia njia hii kusafisha maji yaliyooshea makopo ya viuatilifu.

Bado si njia ya nyumbani. Miale inayohitajika ni takribani asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, tope huizuia, unga lazima uchujwe, na uvunjaji usiokamilika waweza kuacha kemikali zenye sumu kuliko ya awali. Kipimo cha maabara ni cha lazima.

Kwa sasa, kinga ni kutoosha bomba la kunyunyizia mtoni, kutochotea maji kwa makopo ya dawa, na kuchota katika chanzo kilichohifadhiwa, mbali na mashamba yanayonyunyiziwa.

Mhudumu wa zahanati akimpokea mgonjwa anayetoka mate na jasho jingi, anayetapika, mwenye mboni ndogo mithili ya ncha ya sindano na anayepumua kwa shida, aulize upesi kuhusu viuatilifu. Avae glavu, amvue nguo zilizochafuka, amwoshe kwa sabuni na maji mengi, aanze atropini kwa mujibu wa mwongozo, na ampe rufaa bila kuchelewa. Katika sumu ya namna hii, dakika huokoa pumzi.