Unasomea utabibu? Chunga desa lisikuponze!

Wiki hii naongea na vijana wenzangu mnaosomea utabibu, uuguzi na udaktari, kuanzia Katonga, Ujiji hadi Kigoma mjini. Najua mtihani ukikaribia mnapiga msuli mpaka alfajiri, roho juu juu kwa hofu ya sapu au, Mungu apishe mbali, kudisko. Sasa hebu jiulize, hilo desa unalolikariri limetoka wapi?

Desa tamu bwana, nani asiyejua? Ni fupi na linabebeka mfukoni. Kaka kamwachia mdogo wake, naye kamwachia mwingine. Tabu yake halijui kwamba dawa zinabadilika.

Chukua malaria. Mwaka 2001 Tanzania iliiondoa klorokwini kuwa dawa ya kwanza, ikaingia SP. Mwaka 2006 SP nayo ikaipisha dawa mseto, ALu. Mwenye desa la babu anajibu klorokwini! Kwa msahihishaji umeliwa, kwa mgonjwa ni balaa.

Njoo kwenye kipindupindu, ambacho Kigoma hatuhadithiwi. Mei 2015 wakimbizi wa Burundi walifurika Kagunga, meli ya Liemba ikawa inawaleta mjini. Mwezi huo huo waliougua walifika kama 3,000, na 31 wakafa.

Mgonjwa aliyeishiwa maji kabisa hupewa dripu mililita 100 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto chini ya mwaka 1 hupata 30 kwa saa 1, kisha 70 kwa saa 5. Kuanzia mwaka 1 na kuendelea ni 30 kwa nusu saa, kisha 70 kwa saa 2 na nusu. Aliyenakili desa akiruka mstari wa umri tu, mtoto mchanga anamiminiwa maji kwa kasi ya baba yake!

Ufanyeje basi?

Kwanza, tazama mwaka. Desa lisilo na mwaka wala jina la kitabu, liogope.

Pili, tafuta mwongozo wa matibabu wa Wizara ya Afya, toleo jipya. Huo ndio utakaoutumia kazini.

Tatu, Shirika la Afya Duniani na Madaktari Wasio na Mipaka wanatoa miongozo bure kwenye intaneti. Ukiwa na bando, pakua uweke kwenye simu, bando likiisha unaendelea kusoma.

Nne, desa usilichome moto. Likuonyeshe mada, lakini kila dozi ihakikishe kitabuni. Vikigombana, mfuate mwalimu.

Kumbuka, msahihishaji unakutana naye siku moja. Ukishaajiriwa, anayekupigia hodi usiku ni mvuvi wa Katonga na mwanawe mgongoni, naye hana muda wa kukupa sapu.

Kila la heri, tukutane wiki ijayo!