Dawa ya Saratani Katika Tiba ya Mishipa ya Fahamu

Katika ugonjwa wa maltipo sklerosisi, kinga ya mwili hushambulia mayelini, yaani utando unaofunika nyuzi za fahamu mithili ya mpira juu ya waya wa umeme. Utando ukiharibika, ujumbe hukawia au hupotea. Mgonjwa hupata ganzi, hulegea viungo, au huona kwa shida.

Rituksimabu ni kingamwili itengenezwayo maabara. Hunasa alama iitwayo CD20 juu ya limfosaiti B, chembe nyeupe za damu zinazochochea shambulio hilo, nazo huangamia. Mwaka 1997 iliidhinishwa Marekani kwa saratani ya limfu. Jaribio la wagonjwa 104, lililochapishwa mwaka 2008, lilionyesha kwamba hupunguza madoa ya uvimbe katika ubongo. Watengenezaji waliendeleza jamaa yake, okrelizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017 kwa bei kubwa zaidi. Madaktari wengi wa Uswidi walitumia rituksimabu nje ya idhini. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha miongoni mwa dawa muhimu kwa ugonjwa huu.

Yafaa ieleweke kwamba kutumia dawa nje ya idhini si kubahatisha: ushahidi hutangulia, na tahadhari hufuata. Limfosaiti B zikipungua, virusi vya homa ya ini B vilivyojificha vyaweza kuamka. Ndiyo maana damu hupimwa kwanza.